Gundi ya Tibor

Zamani aliyeunga bawa kwa gundi ndiye aliyesimama chini yake siku ya kulipima, na sasa aliyelichora husimama nyuma ya kioo akinywa kahawa.

Naandika habari za Etela Mrázková, aliyechanganya gundi hapa mjini Nitra kwa miaka arobaini na mmoja: thelathini na mitatu katika karakana ya glaida, na minane katika kampuni ya gari la kuruka. Gazeti la mji halikumtaja hata siku moja, wala siku alipokufa. Limemtaja Kristián Hronec, mkurugenzi wa kampuni hiyo, mara zisizohesabika, daima na picha ileile: amekunja mikono, nyuma yake gari linalong'aa, chini maneno ya kwamba kesho imefika. Kesho hiyo nimeisubiri nikiwa nimekaa. Mimi ni seremala. Nilifanya kazi meza ya pili kutoka kwa Etela katika karakana zote mbili, na niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu, wakati huo hayakuhitaji miwani.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa juu kwa kamba, kamba ikaachiwa, na kuanzia hapo rubani hana wa kumtegemea isipokuwa upepo na watu waliounga mbao za bawa. Kwa hiyo karakana yetu haikuwa na mzaha katika jambo moja tu, nalo ni gundi. Mengine yote yalikuwa mzaha.

Kwetu kila siku ya mwaka ina mwenyewe. Kalenda ya ukutani husema leo ni siku ya Leopold, kesho ya Agnesa, keshokutwa ya Klaudia, na mwenye jina huja kazini na chupa ya pombe kali ya plamu na sinia la mikate iliyopambwa kwa mayai na matango. Sisi karakanani hatukujua tarehe. Tulijua majina. Gundi iliyochanganywa leo iliitwa kwa jina la leo, na kila mara Etela alipoichanganya aliunga pia vijiti viwili vidogo kwa gundi hiyohiyo, akaandika jina kwa penseli, akaviweka kando. Vijiti hivyo kwa pamoja tuliviita shahidi.

Asubuhi iliyofuata alimbana shahidi kwenye jiliwa, akampiga nyundo mbele ya watu wote. Mbao ikipasuka na gundi ikabaki imeshika, gundi ni nzima. Lakini vijiti vikiachana pale palipoungwa, safi, vinang'aa kama sahani iliyolambwa, basi kila kilichoungwa kwa gundi ya siku ile kilitupwa. Hata kama ni bawa la miezi miwili. Hakuna aliyebisha. Msimamizi alisema tu, "Agnesa kafa," tukavua kofia kwa utani, tukaanza upya.

Na siku ya kupima, bawa lilifungwa kichwa chini, mifuko ya mchanga ikapangwa juu yake mpaka mzigo ukapita ule ambao rubani mwendawazimu angeweza kuupata angani. Aliyeliunga alisimama chini yake. Sheria ilikataza. Msimamizi aliigeuzia sheria mgongo, akatazama dirishani. Mara moja bawa la fundi Vendelín lilivunjika naye yupo chini. Akatoka na bega limevunjika, likapona, akaunga bawa jingine, akasimama tena. Etela alisimama chini ya mabawa thelathini na saba. Alikuwa mfupi, hakuhitaji hata kuinama. Alikuwa akila tofaa. Alilianza mfuko wa kwanza ulipowekwa, akatema mbegu mfuko wa mwisho ulipotua, na wanaume tulihesabu mifuko kwa kumtazama taya.

Karakana ile leo ni duka la mabeseni ya kuogea.

Kampuni ya gari la kuruka ilikuja ikapanga banda kwenye uwanja wa ndege, ikatuchukua sisi wazee wanne. Nilidhani wametuchukua kwa ujuzi. Baadaye niligundua kwamba tulichukuliwa kwa ajili ya picha: mikono yenye mikunjo juu ya kitambaa cheusi cha kaboni, kando ya kijana mwenye kompyuta. Siku ya kwanza Kristián alitupokea mlangoni amevaa viatu vya michezo vyeupe, jambo ambalo katika karakana ni kama kuja harusini na nguo ya kulalia.

"Karibuni! Mimi ni Kristián. Niite Kristián tu, mama. Hapa hatuna mabwana."

"Basi wewe niite bi Mrázková," Etela alimjibu. "Mimi bwana ninaye. Yuko makaburini, lakini ninaye."

Kristián akacheka, akaangalia kama mpiga picha amenasa kicheko chake.

Mbao hazikuwepo tena. Mimi nilichonga kalibu, na juu ya kalibu zangu Etela alitandaza vitambaa vya kaboni na kuvilowesha gundi ya maji mawili, ambayo huchanganywa kwa mizani na kuiva ndani ya sanduku la joto. Alikuwa na miaka hamsini na minane alipojifunza gundi ile. Alisoma makaratasi ya kiwandani kwa kamusi, akiyapigia mistari, kwa sababu yameandikwa Kijerumani na hakuna mhandisi aliyeona haja ya kuyasoma. Baada ya miezi mitatu alijua mengi kuhusu gundi hiyo kuliko wote waliokuwa na shahada ukutani. Na kila alipochanganya aliunga shahidi, vipande viwili vya kaboni badala ya vijiti, akaviandika jina la siku.

Walimcheka. Walikuwa na karatasi zao za kubandika, zenye vimraba vyeusi ambavyo mashine huvisoma, na kwenye kila kipande walibandika moja yenye tarehe na namba ndefu. Kuandika kwa penseli juu ya kipande kulipigwa marufuku, eti kunaharibu sura. Etela akatii. Majina yakabaki kwenye mashahidi na kwenye vikaratasi alivyoacha mezani kwa mhandisi.

Mtu atauliza, kwa nini asiandike tarehe kama watu wengine? Nimesikia swali hilo mara nyingi, na sikuzote kutoka kwa watu ambao hawajui jina la jirani yao.

Mhandisi aliitwa Luboš Vacek. Alitoka Brno, upande wa Wacheki, ndugu zetu ambao tulikuwa nao nchi moja, tukaachana bila kurushiana sahani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kukosea peke yake. Sikuzote alikosea pamoja na kompyuta, na kwa hiyo halikuwa kosa.

Sasa, gari la kuruka. Barabarani mabawa yake hukunjwa mgongoni kama ya mdudu, uwanjani hufunguliwa. Kila mtu aliyekuja kulitazama alitazama mabawa. Etela alikuwa akiwaambia, "Gari hili si bawa, ni bawaba." Maana pale bawa linapojikunja pana bawaba, na bawaba imeshikwa na kikombe cha kaboni kinachotosha mikono miwili, na kikombe hicho kikiachia angani, mabawa mazuri yote ya duniani hayakusaidii. Vikombe hivyo aliviunga yeye.

Na aliyekuwa arushwe na vikombe hivyo ni Matúš Pavlech. Matúš alijifunza kuruka kwenye glaida alizoziunga Etela, akimwita shangazi ingawa hawakuwa na udugu. Ndiye angelirusha kwa mara ya kwanza tarehe mbili Desemba, mbele ya wageni wenye fedha waliotarajiwa kutoka nchi tatu. Alikuwa na mke na msichana wa miaka minne. Hayo yote Kristián aliyajua, kwa sababu aliyatumia katika filamu yake ya matangazo.

Filamu hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Ijumaa moja ya Novemba Etela aliunga kikombe cha bawa la kushoto, akakiingiza katika sanduku la joto pamoja na shahidi wake, akaenda nyumbani. Wapiga picha wakaja baada yake. Walihitaji umeme wa taa zao. Wakachomoa waya wa sanduku la joto, wakachomeka taa, wakampiga picha Kristián akitafakari, wakaondoka bila kurudisha waya. Kikombe kikakaa Jumamosi na Jumapili kwenye baridi iliyogandisha maji ya ndoo.

Jumatatu asubuhi Etela aliuona waya sakafuni. Alimbana shahidi kwenye jiliwa, akampiga nyundo. Vipande vikaachana safi, vinang'aa.

"Tibor kafa," akaniambia.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya Tibor. Nikavua kofia. Hakukuwa na mwingine wa kuvua.

Siku hiyohiyo akaunga kikombe kingine, na Jumatatu ile ilikuwa siku ya Stanislav. Akalinda sanduku la joto kama kuku anayeatamia. Jumanne akampiga shahidi wa Stanislav, na shahidi akachanika nyuzi kwa nyuzi bila kuachia gundi. Vikombe viwili vikawa rafuni, sawasawa kama mapacha, kila kimoja na karatasi yake ya vimraba. Etela akaandika kikaratasi: *Tibor mbovu, atupwe.* Akakiweka mezani kwa Luboš, juu kabisa, chini ya kikombe chake cha kahawa ili asikose kukiona. Jumatano akaenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, akakaa siku kumi.

Aliporudi, jicho moja likiwa limefunikwa kwa pamba, alipita kwanza kwenye pipa la takataka. Fundi wa kweli hupita kwanza kwenye pipa la takataka, kwa sababu huko karakana haisemi uongo. Akaona vipande vya kikombe kilichokatwa kwa msumeno. Akakiokota kimoja, akakileta karibu na jicho zima, akasoma karatasi. Nilimwona rangi ikimtoka usoni.

"Nani kamkata Stanislav?"

Luboš alitoa spika masikioni. "Kamkata nani?"

"Stanislav! Huyu hapa! Nani kamkata?"

"Mama, tulia. Hicho ndicho ulichosema kibovu. Uliandika Tibor. Mimi Tibor simjui, nikaangalia kalenda. Tibor ni tarehe kumi na tatu. Nikakata cha tarehe kumi na tatu."

"Tibor ni kumi!"

"Ni kumi na tatu, mama. Ona." Akamwonyesha simu yake.

Etela akaitazama simu, halafu akanyoosha kidole ukutani, kwenye kalenda ya duka la nyama ambayo mimi mwenyewe niliitundika, futi sita kutoka kiti cha Luboš. Kumi, Tibor. Kumi na tatu, Stanislav. Luboš akaitazama kalenda ile, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Simu yake ilikuwa na kalenda ya kwao. Wacheki wana siku zao na sisi tuna zetu. Nyingi zinalingana, ndiyo maana mtu husahau zile zisizolingana. Tibor wa Brno huchelewa siku tatu.

Nilicheka. Najuta kidogo, si sana.

"Na cha Ijumaa kiko wapi?" Etela akauliza, ingawa sote tulikuwa tunakitazama. Kilikuwa ndani ya bawa la kushoto, kimefunikwa, kimepigwa msasa, kimepakwa rangi nyeupe mara tatu.

Kuuliza kungemgharimu Luboš sekunde tatu. *Mzee, Tibor ni lini?* Mimi nilikuwa meza ya pili. Lakini mtu aliyesoma hamuulizi mchonga kalibu jina la siku. Huiuliza simu, na simu humjibu kwa heshima hata inapomjibu ya nchi nyingine.

Kristián akaitwa. Akaja na viatu vyake. Akasikiliza huku akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini isiyo yake.

"Sawa. Tusipaniki. Luboš, mashine ya kupima kwa sauti inasema nini?"

"Nimepitisha mara mbili. Hakuna shimo. Kila kitu kijani."

"Mashine yenu inaona shimo," Etela akasema. "Gundi isiyoiva haina shimo. Mkate mbichi ukiutazama kwa nje ni mkate. Fungua bawa."

"Kulifungua ni wiki tatu, bi Mrázková. Wageni wanakuja baada ya siku nane."

"Waje wale chakula. Siku nyingine ndiyo waone gari likiruka."

"Ulikuwa na jicho bovu wakati ule," Kristián akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayekupimia jeneza. "Labda hukumwona vizuri huyo shahidi wako."

Etela akaenda kwenye droo yake, akatoa vipande viwili vya Tibor, akaviweka mkononi mwa Kristián. Kristián akavipapasa kwa kidole gumba. Vilikuwa laini kama kioo. Akampa Luboš. Luboš akavipapasa naye, akavirudisha haraka kama vina moto. Kuanzia dakika ile hakuna anayeweza kuniambia kwamba hawakujua.

"Haya mambo tusimpelekee Matúš," Kristián akasema. "Rubani anahitaji utulivu."

Jumanne ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kupima. Waligeuza fremu nzima ya gari kichwa chini, ikaning'inia kwenye vyuma kama popo, mabawa yote mawili wazi. Mifuko ya mchanga ilipangwa pembeni. Hata mifuko hiyo walikuwa wamekusudia kupakia theluthi mbili tu ya mzigo, kwa sababu, walisema, kupakia wote "kungechosha muundo." Matúš akaja na koti lake la ngozi, akambusu Etela mashavuni.

"Shangazi, jicho lako vipi? Sasa utaniona hata nikiwa mawinguni."

"Nitakuona ukiwa chini. Jicho lililobaki halifiki mbali zaidi ya hapo."

Akacheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu Etela alikuwa akitoa tofaa mfukoni. Matúš alizijua habari za tofaa. Kila aliyewahi kuruka kutoka uwanja wetu alizijua.

"Unasimama leo?"

"Chini ya la kulia nasimama hata kwa chakula cha mchana." Akaenda, akasimama chini ya bawa la kulia, akaling'ata tofaa. "Chini ya la kushoto sisimami."

Nyuma ya kioo cha chumba cha vipimo Luboš aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Bi Etela ana utani wa kizamani," Kristián akasema kwa sauti ya sherehe. "Tunampenda sana kwa hilo."

"Kwa nini husimami la kushoto, shangazi?"

"Muulize bwana mhandisi. Au muombe asimame yeye. Ndiye aliyetia saini."

Kristián akaingilia. "Jamani, hii ni karne gani? Tuna vipimo mia mbili vya umeme kwenye bawa hilo. Na bima haituruhusu mtu kusimama chini ya mzigo."

Matúš akamgeukia taratibu. "Bima yako inaniruhusu mimi niwe juu, lakini haikuruhusu wewe uwe chini?"

Akageukia kioo.

"Luboš! Njoo hapa, kaka. Hebu toka humo."

Luboš akatoka nyuma ya kioo. Sitamsingizia: alitoka.

"Hili bawa litavunjika?"

"Uwezekano ni mdogo sana."

"Mdogo. Sawa. Mifuko bado haijapakiwa hata mmoja. Simama hapo chini, tupakie theluthi zenu mbili, dakika moja, kisha mimi mwenyewe nakununulia bia mpaka Krismasi."

Taa za juu zilikuwa zimelitupa bawa la kushoto sakafuni kwa kivuli kirefu. Luboš akaenda. Akatembea hatua nne, tano. Ncha ya kiatu chake ikafika ukingoni mwa kivuli kile, ikakaa hapo. Tulikuwa watu kumi na mmoja bandani, na sote tulikuwa tunatazama kiatu. Chini ya bawa jingine kulisikika Etela akitafuna.

"Luboš, rudi," Kristián akasema. "Usijishushe."

Na Luboš akarudi, haraka kuliko alivyokwenda, akiwa na shukrani usoni kama mtoto aliyeitwa kutoka kwa mbwa.

Matúš akafunga zipu ya koti lake mpaka juu. "Basi mtafuteni wa kulirusha," akasema. Akamwendea Etela, akamnyang'anya tofaa, akaling'ata mara moja, akamrudishia. Akatoka. Mlango wa banda letu ni mzito na hujifunga kwa kishindo. Siku ile aliushika, akaufunga polepole.

Hawakupakia hata mfuko mmoja. Hilo ndilo ninalotaka likumbukwe. Wangeweza kupakia. Mchanga ulikuwapo, mizani ilikuwapo, watu wa kubeba tulikuwapo. Wangelijua saa ileile kama Etela ni fundi au ni bibi mwenye jicho bovu. Wakaugeuzia mgongo mchanga wao wenyewe, wakalipindua gari, wakalifuta vumbi. Msimamizi wetu wa zamani aliigeuzia sheria mgongo ili mtu asimame chini ya ukweli. Hawa waliugeuzia ukweli.

Kesho yake Etela aliachishwa kazi kwa barua ya kurasa mbili ambamo neno gundi halimo. Kosa lake lilikuwa kuvuruga ari ya kikosi. Mimi nilibaki mpaka mwisho wa mwezi, na hilo naliandika bila kujitetea.

Tarehe mbili Desemba wageni wakaja. Gari likatembea uwanjani mita mia tatu, likasimama, likafungua mabawa huku muziki ukipigwa, likayafunga, likarudi. Kuruka kulionyeshwa kwenye kioo kikubwa: gari lilelile, limechorwa na kompyuta, likipaa juu ya mlima wetu wa Zobor, jua likizama upande ambao kwetu huchomozea. Wageni wakapigia kioo makofi. Nilisimama nyuma na ufagio, nikawatazama watu wazima wenye suti za pamba ghali wakipigia makofi jua linalozama mashariki, nikajiambia kwamba watu wamepata gari linalowafaa.

Rubani mwingine hakupatikana. Viwanja vya ndege ni kama visima. Neno likitumbukia husikika mpaka chini. Matúš sasa anavuta glaida kila Jumapili kwa ndege ndogo ya kamba, na msichana wake anasoma shule. Alibeba jeneza la Etela upande wa mbele, kushoto.

Lakini kabla ya hapo, majira ya kuchipua yaliyofuata, palikuwa na maonyesho mjini, na gari la kuruka liliwekwa katikati ya ukumbi, mabawa wazi, limezungushiwa kamba nyekundu. Nilikwenda na Etela. Alivaa koti lake la kanisani. Jicho lilikuwa limepona, akasema anaona mpaka mishono. Tulisimama kwenye kamba. Rangi ilikuwa nzuri. Chini ya bawa la kushoto, karibu kabisa na bawaba, walikuwa wamesimamisha mtungi mrefu wa shaba wenye maua, na Etela akaniambia niangalie vizuri. Nikaangalia. Mtungi ule ulikuwa umefika mpaka juu. Ulikuwa umelishika bawa.

"Wamempa Tibor fimbo," akasema.

Hapo Kristián akaingia na msafara, Luboš nyuma yake na simu mbili, katikati yao mheshimiwa mmoja wa wizarani aliyetaka picha. Mheshimiwa akapita kamba, akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, penye maua. Akainama kidogo kuingia chini ya bawa. Kristián akamdaka kiwiko. Sijawahi kumwona mtu yule akienda upesi namna ile.

"Upande huu, mheshimiwa. Upande huu mwanga ni mzuri zaidi."

Akamzungusha mbele ya gari mpaka upande wa kulia. Etela alikuwa ameshafika. Sikumwona akipita chini ya kamba. Nilipogeuka alikuwa amesimama chini ya bawa la kulia kwa koti lake la kanisani, hahitaji kuinama, na tofaa mkononi.

"Samahani, mama," Kristián akasema, halafu akamtambua. "Tunapiga picha hapa."

"Pigeni tu, baba. Nafasi ipo." Akasogea kidogo kumpisha mheshimiwa. "Huku ni salama."

Mheshimiwa akacheka, akadhani ni utani wa bibi wa mjini, akasimama kando yake. Kristián akasimama upande wa pili wa mheshimiwa. Luboš akatakiwa naye aingie, ikawa hana pa kusimama isipokuwa kando ya Etela, bega kwa bega. Mpiga picha akawaambia watabasamu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipowaona wote pamoja: wanaume watatu wenye suti wamebanana chini ya bawa la kulia, na katikati yao Etela, anatafuna.